Nyuso za Saa

Jina lake sikulijua mwanzo.
Nilijua kichupa, kifuniko chekundu, nambari 4417,
na mwandiko wa daktari wa meno Ostaszewski
ulioinama kama mtu anayekimbia mvua:
*Mwanamke, miaka sitini na tatu. Taya la chini, kushoto.
Jino liling'olewa. Tundu halifungi.*

Wiki sita halifungi.
Walidhani ni usaha, wakampa vidonge,
wakampa maji ya chumvi ya kusukutua.
Jino la pembe si dawa ya pengo,
na pengo hili halikutaka hata jino la pembe:
lilikuwa linaota nyama.

Nyama yenyewe haikufika punje ya dengu.
Ililala usiku kucha katika fomalini,
ikanyweshwa nta,
Dobrochna akaikata kwa wembe wa mashine
utando ambao pumzi ingeupeperusha,
kwa hiyo alibana pumzi.
Nami mlangoni nikabana yangu, sijui kwa nini.

Kwenye hadubini: zambarau, waridi.
Seli zimesongamana kama foleni ya mkate enzi za utoto wangu,
kila moja kiini chake kimesukumwa kando
kama abiria wa tramu aliyegeukia dirisha,
na ndani ya kiini madoa yamejipanga duara
kama tarakimu za saa ya ukutani.
Nyuso elfu za saa, na hakuna mshale hata mmoja.

Ninawajua hawa. Ni mafundi wa kingamwili.
Ufizi wenye kidonda huwaita, nao huja.
Kuwakuta hapo si hoja.
Hoja ni nani kawatuma.

Mafundi walioitwa na kidonda huja mchanganyiko:
huyu hushona kapa, yule lamda,
kila mtu na uzi wake.
Nikaagiza rangi zote mbili, nikangoja.

Alhamisi theluji iliangukia matofali mekundu ya viwanda vya Łódź.
Slaidi ya lamda: tupu,
shuka iliyosahaulika kwenye kamba.
Slaidi ya kapa: hudhurungi, ukuta hadi ukuta.
Wote uzi mmoja.
Basi si kidonda. Ni ukoo wa seli moja
iliyosahau kufa.

Sikuandika bado.
Nilimpigia Ostaszewski: piga picha mifupa yote,
fuvu, mbavu, uti wa mgongo, nyonga.
Chota uboho. Pima damu, mkojo, figo.
Kama ukoo huu umejenga kwingine, ugonjwa una jina jingine,
na jina hilo sitaki kuliandika.

Akasema, "Ni fundi cherehani.
Miaka arobaini anakata uzi kwa meno.
Anauliza kama ndiyo sababu."

"Mwambie hapana," nikasema. "Uzi hauna hatia."
Kisha tukanyamaza wote wawili, laini ikivuma.
Kikulacho ki nguoni mwako;
cha huyu kilipita nguo zote alizowahi kushona,
kikaingia mfupani.

Siku kumi na moja.
Uboho safi. Mbavu safi. Nyonga safi.
Nikaandika: *plasmasaitoma ya taya, pekee*,
nikalitazama neno lile la mwisho,
neno la wajane na la nyumba zenye taa moja,
na safari hii likanifurahisha.
Chini yake nikaongeza: *kwa sasa. Afuatiliwe miaka yote.*
Mionzi itafanya yake. Saa nazo zina ukaidi wao.

Mwezi wa tano jina likatokea kwenye orodha ya maabara:
Grochulska, Wiesława. Damu tu, ya kawaida.
Nilisoma tarakimu mara mbili, kisha ya tatu.
Hakuna kitu.

Kwenye kifungo cha koti langu uzi ulikuwa unaning'inia.
Mkasi ulikuwa mezani, karibu kabisa.
Nikaukata kwa meno.